Kwa Nini Tusi ni Mwiko? Historia ya Maneno Yasiyotamkwa na Nafasi Yake Katika Ufundishaji wa Fasihi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuanze na swali linaloonekana jepesi. Kwa nini tusi ni mwiko? Darasani jibu la kwanza huwa kwamba tusi ni neno baya. Ukiuliza ubaya wake u wapi, utaambiwa kuwa linataja sehemu za siri za mwili. Jibu hili halisimami. Muuguzi wa zahanati huzitaja sehemu hizo hizo kila siku, na kitabu cha Biolojia huzichora na kuziandikia majina, wala hakuna anayekasirika. Kwa upande mwingine, mtu akiambiwa "mbwa wewe" hapajatajwa sehemu yoyote ya siri, ilhali ngumi zaweza kurushwa papo hapo. Ni dhahiri basi kwamba mwiko wa tusi hautokani na kitu kinachotajwa.

Makala haya yanashikilia kwamba tusi ni mwiko kwa sababu ya mpaka linaouvunja baina ya watu. Mpaka huo una historia. Umewahi kuwa baina ya binadamu na Mungu, baina ya mzazi na mwana, baina ya mtawala na raia, na baina ya kabila na kabila. Anayejua historia hiyo atalisoma tusi katika kazi ya fasihi kama mhakiki. Asiyeijua ataishia kusema tu kwamba mhusika fulani hana adabu.

Tutaitazama hoja hii tukiwa Kosele, mji mdogo ulio karibu na Oyugis, uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya Rachuonyo ya zamani na ambao sasa umo katika Kaunti ya Homa Bay. Sababu ya kuchagua Kosele ni rahisi. Mwanafunzi wa huko huzungumza Kidholuo nyumbani, hukutana na wasemaji wa Ekegusii sokoni kwa kuwa mpaka wa Gusii hauko mbali, na husomeshwa Kiswahili shuleni. Ana lugha tatu, na kila moja ina namna yake ya kuona haya.

Neno lililokuwa tendo

Tuanze na sarufi. Katika Kiswahili tuna kitenzi "apa", na kutoka hapo tunapata "apiza". Anayeapa humwita Mungu awe shahidi wa neno lake. Anayeapiza humtakia mwenzake mabaya. Vitenzi hivi viwili ni mtu na mwanawe. Katika Kidholuo, neno "kwong'" hubeba maana zote mbili: kiapo na laana. Waingereza nao wana kitenzi kimoja cha kula kiapo na cha kutoa maneno machafu. Lugha hizi tatu ni za familia tofauti kabisa: Kibantu, Kiniloti na Kijerumani. Si rahisi kudai kwamba moja iliiga nyingine. Zimefika mahali pamoja kwa kuwa watu wake waliamini jambo moja, yaani kwamba neno likitoka kinywani hutenda kazi.

Miongoni mwa Wajaluo mwiko huitwa "kwer", na madhara yanayomwandama aliyeuvunja huitwa "chira": mtu hudhoofika na kukonda hadi mila itimizwe. Katika mazingira kama hayo neno zito la mzee si kelele tu. Ni kama mshale uliokwisha kuachiwa upinde. Mtahiniwa anayesoma fasihi simulizi atakumbuka kwamba maapizo ni kipera kinachojitegemea, na kwamba mwapizaji aghalabu ni mtu mwenye mamlaka au aliyekosewa. Apizo la mtoto kwa mzazi huonekana kituko. La mzazi kwa mtoto hutetemesha nyumba nzima. Maneno yaweza kuwa yale yale, ila mpaka umevukwa kutoka upande mwingine.

Historia ya Uingereza inathibitisha jambo hili. Mwaka 1606 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyotoza faini ya pauni 10 kwa kulitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani katika mchezo wa kuigiza. Huo ulikuwa wakati wa Shakespeare, na michezo yake iliyochapishwa baada ya hapo ina viapo vilivyopunguzwa. Michezo hiyo hiyo ilikuwa imejaa utani wa mambo ya mwilini, wala sheria hiyo haikuugusa. Mnamo karne ya 19 mambo yalikuwa yamegeuka: Thomas Bowdler alipata umaarufu kwa kutoa Shakespeare wa kusomwa na familia, baada ya kumwondolea maneno ya mwilini. Katika wakati wetu neno linaloogopwa zaidi katika Kiingereza ni lile linalodhalilisha watu wa rangi fulani. Jamii moja, katika karne nne, imeuhamisha mwiko kutoka kwa Mungu hadi mwilini na kutoka mwilini hadi kwenye asili ya mtu. Neno linaloumiza limefuata mpaka ambao jamii iliuthamini kuliko mingine kwa wakati huo.

Soni na wichkuot

Sasa turudi Nyanza. Wagusii wana mfumo wa heshima na haya uitwao "chinsoni", wenye asili katika neno "ensoni". Mwalimu wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwa maana nasi tuna "soni". Mfumo huu hupanga nani azungumze nini mbele ya nani. Baba na mwanawe aliyeoa hawakuzungumza mambo ya unyumba, na baba hakuingia katika nyumba ya mwanawe huyo. Babu na mjukuu, kinyume chake, waliruhusiwa maneno ya wazi na mizaha.

Wajaluo huita aibu "wichkuot", yaani kuvimba kichwa. Ni picha nzuri, kwa kuwa aibu haikai moyoni peke yake bali huonekana usoni mbele za watu. Kwao pia mkwe na mama mkwe walitenganishwa na heshima kubwa, ilhali bibi angeweza kumtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita mume. Uswahilini mambo ni hayo hayo. Nani hajamsikia bibi akimwita mjukuu "mume wangu"? Neno hilo hilo likitoka kwa shangazi lingewafanya watu watazamane.

Zingatia pia umbo la kitenzi "tukana". Wanaisimu wa lugha za Kibantu hulihusisha na mzizi wenye maana ya kutoa tusi, ambao katika Kizulu umebaki kama "thuka". Ile -ana ya mwisho ndiyo tunayoisikia katika "pigana" na "gombana". Lugha yenyewe inatukumbusha kwamba tusi huhitaji watu wawili. Neno lililo ndani ya kamusi halimtukani mtu.

Penye ruhusa

Iwapo tusi lingekuwa baya kwa asili yake, jamii zisingelitengea mahali pa kulisema. Lakini zililitenga. Wasukuma walikuwa na sherehe za mapacha zenye nyimbo za maneno mazito, ambazo Hans Cory aliziandikia makala mwaka 1944. Baganda nao waliimba hivyo walipomsherehekea Ssalongo na Nnalongo, yaani baba na mama wa mapacha. Katika pwani, nyimbo za unyago zilimfundisha mwari mambo ya mwili kwa majina yake. Katika Tanganyika, mtani aliweza kufika matangani akamkejeli marehemu, na wafiwa wakacheka huku wakilia. Hayo ndiyo chimbuko la vipera ambavyo mtahiniwa huvisoma kwa majina ya mivigha na malumbano ya utani.

Ujaluoni wasichana walilala katika "siwindhe", nyumba ya bibi. Humo walisimuliwa ngano, wakategewa vitendawili, na wakafundishwa mambo ya utu uzima ambayo mama mzazi hangeyatamka. Ona hekima iliyomo. Mama alizuiwa na haya, hivyo kazi ikapewa bibi ambaye haya hiyo haikumfunga. Jamii iliyoweka mwiko ndiyo hiyo hiyo iliyoweka mlango wa kuupitia.

Misheni, shule na kitabu

Karne ya 20 ilileta mabadiliko makubwa. Waadventista wa Sabato walifungua misheni huko Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Wakatoliki walikuwa wamekwisha kufika Kisumu. Misheni zilileta kusoma, kuandika na matibabu, mambo ambayo hakuna anayeyabeza. Pamoja na hayo zilileta mtazamo mpya kuhusu neno. Chini ya mila, swali lilikuwa: nani anamwambia nani? Chini ya misheni, neno chafu likawa dhambi kwa kila mtu, kila mahali, na kila wakati. Ngoma na nyimbo za sherehe nyingi zikaachwa na waumini. Shule za bweni zikachukua nafasi ya siwindhe, na matroni hakuwa bibi wa mtu.

Kitabu nacho kikaongeza jambo lake. Maneno ya unyagoni yalisikiwa na waliokusudiwa pekee, ilhali kitabu hakijui msomaji wake ni mkwe au mjukuu. Ndiyo sababu riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ilizuiliwa shuleni nchini Tanzania kwa namna ilivyosema waziwazi juu ya mapenzi na madhila ya msichana. Riwaya hiyo inamwonyesha binti wa baba mkali ambaye hakufundishwa lolote kuhusu wanaume, akaangamia. Waliozuia kitabu walihofia kwamba neno la wazi litampotosha msichana. Kitabu chenyewe kilikuwa kikisema kwamba kilichompotosha ni ukimya.

Tusi la jukwaani

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya nyumbani na darasani tu. Sivyo. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Kisovieti. Tom Mboya alikuwa ameuawa mwezi Julai mwaka huo, na hasira ilikuwa imetanda Nyanza. Mbele ya umati, na mbele ya Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha KPU, Rais alihutubia kwa Kiswahili chenye matusi ya nguoni na vitisho. Ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Maneno yaliyotumika siku hiyo yalikuwa yamekwisha kusikika mara nyingi vilabuni na vituoni, wala hayakuua mtu. Uzito wake ulitoka kwa msemaji, msemwa na mahali. Msemaji alikuwa mkuu wa nchi, mtu mzima aliyeitwa Mzee na Baba wa Taifa. Msemwa alikuwa kiongozi mwenye umri wa kuheshimiwa, akiwa nyumbani kwao. Mashahidi walikuwa wanawe na wajukuu wake. Mipaka mitatu ilivunjwa kwa pigo moja. Kumbuka pia kwamba katika Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, utungo uliotafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa mwaka 1975, Lawino hamlalamikii mumewe Ocol kwa kumtukana yeye tu, bali kwa kuwatukana pia wazazi wake. Utungo huo ulizaliwa katika Kiacholi, lugha iliyo ndugu na Kidholuo.

Sheria zetu nazo hufuata mantiki hii. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakiorodheshi maneno mabaya. Huuliza kama maneno ya kutukana yalitumiwa hadharani kwa nia ya kuchochea uvunjaji wa amani. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 iliongeza kosa la matamshi ya chuki ya kikabila. Mnamo Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitangaza orodha ya maneno yanayoweza kuchochea chuki, na humo mlikuwa na "madoadoa" na "kihii". Tazama neno hili la pili. Katika Kikuyu ni mvulana asiyetahiriwa. Jadi ya Wajaluo haikuwa na tohara. Alama ya utu uzima kwao ilikuwa kung'olewa meno ya chini. Kwa mizani ya mila yao wenyewe, neno hilo lisingewahusu. Siasa ndiyo iliyoligeuza kuwa njia ya kumwambia mtu mzima kwamba hastahili kuongoza. Vivyo hivyo "mshenzi", neno ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara katika karne ya 19, lilikuwa jina la mpaka kabla ya kuwa tusi la kila siku.

Gharama ya ukimya

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi walimu moja kwa moja. Tumeurithi mwiko, lakini milango yake tumeifunga. Siwindhe haipo tena katika boma nyingi. Bibi anaishi mbali, au ndiye mlezi pekee na amelemewa. Mzazi bado anafungwa na haya ile ile ya zamani. Mwalimu wa Kiswahili anafundisha adabu ya lugha na tafsida: jifungua badala ya zaa, mjamzito badala ya mwenye mimba, kwenda haja badala ya lile neno jingine. Ni mafunzo mema. Lakini mtoto anayejua tafsida peke yake hana neno la kutumia siku atakapolihitaji.

Siku hiyo huja. Tangu Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, watoto wengi wamesimama kizimbani nchini Kenya kutoa ushahidi, na kauli inayosikika mara kwa mara ni "alinifanyia tabia mbaya". Tabia mbaya ni nini? Kuiba ni tabia mbaya, na kuvuta bangi pia. Katika rufani kadhaa upande wa mshtakiwa umehoji kwamba maneno hayo hayathibitishi kosa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mtoto aliyedhulumiwa huweza kushikwa na haya na aibu mbele ya watu, na kwamba mahakama za nchi hii kwa jumla zimekubali mafumbo ya aina hiyo kuwa maelezo yanayofaa. Mahakama imefanya wema. Hata hivyo si haki kesi ya mtoto itegemee ukarimu wa hakimu katika kufasiri fumbo.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Uchunguzi wa Jean-Marc Dewaele uliochapishwa mwaka 2004, na uliohusisha watu zaidi ya 1000 wenye lugha nyingi, ulionyesha kwamba maneno ya mwiko huwa na uzito mkubwa zaidi katika lugha ya kwanza ya mtu. Hapa ndipo tunapomwelewa mwanafunzi wa Kosele. Anaweza kuandika neno zito la Kiswahili katika insha bila kuhisi joto lake, ilhali mwenzake wa Kidholuo hangelitamka mbele ya mama yake. Kumcharaza hakumfundishi kitu. Hali hii pia ina faida: Kiswahili kinaweza kumpa maneno ya mwili yaliyo wazi na yenye staha, kama vile uke, uume na kubaka, ambayo ulimi wake katika lugha ya mama ungesita kuyatoa. Mwalimu wa Kiswahili basi yuko pale alipokaa bibi wa siwindhe.

Kwa mtahiniwa

Unapokutana na tusi katika kitabu teule, usilipite mbio kwa aibu, wala usilichukulie kuwa kichekesho. Jiulize maswali manne. Nani anasema? Anamwambia nani? Mbele ya nani? Ni mpaka upi umevunjwa? Majibu yake yatakupa sifa za wahusika, uhusiano wao, maudhui na toni.

Chukua tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Sara anasimangwa kwa kuchelewa kupata mtoto, na baadaye kwa kuzaa mabinti watupu. Masimango hayo hayahitaji neno la nguoni ili yaumize. Mpaka unaovunjwa ni ule wa utu wa mwanamke, ambaye jamii inamhesabu kwa kizazi chake. Mtahiniwa anayesema kwamba "hakuna matusi hapo" hajasoma vizuri. Linganisha na malumbano ya utani, ambapo maneno makali hutolewa lakini hakuna mpaka uliovunjwa kwa sababu pande zote mbili zimeshakubaliana. Hapo kuna maneno ya matusi bila kutukanwa kwa mtu.

Hitimisho

Tumeona kwamba tusi halikufanywa mwiko na herufi zake, wala na kiungo linachokitaja. Limefanywa mwiko na imani kwamba neno hutenda, na mipaka ya heshima ambayo jamii iliiweka ili watu waishi pamoja. Mipaka hiyo tuitunze, kwa kuwa Kisumu ya 1969 na machafuko ya 2007 na 2008 yametuonyesha yanayotokea ikibomolewa na wakubwa. Lakini wazee wetu waliotunza mpaka hawakumwacha mtoto bila mtu wa kumweleza. Mwalimu akifundisha tafsida siku ya Jumatatu, na afundishe pia jina halisi la kitu, na mahali panapostahili kulitaja: kwa daktari, kwa mzazi, kwa polisi na kwa hakimu. Atakuwa amefundisha sajili, na pengine atakuwa amemwokoa mtu.

Maswali ya kujadili

1. "Tusi huhitaji watu wawili." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea kazi yoyote ya fasihi uliyosoma.
2. Tofautisha maapizo na matusi kwa upande wa msemaji, nia na athari.
3. Eleza nafasi ya malumbano ya utani katika kudumisha heshima miongoni mwa wanajamii.
4. Tafsida hustiri na pia huficha. Jadili kwa mifano kutoka katika lugha yako ya kwanza na Kiswahili.